Mgeni Aliyetaka Kuona Elektroni

Jumanne, tarehe 12

Wiki tatu nimetoa hewa mtungini kwa pampu, na leo Chef, mkuu wa maabara yetu, alitaka niufungue kwa sababu mgeni wa heshima amekuja na mpiga picha.

Mtungi ule wa chuma ndio unaorusha elektroni, kwa mapigo mafupi, kuelekea atomi tunazozipima. Hewa ikiingia tunaanza upya. Nilimweleza Chef hivyo, polepole.

"Papa Mwamba, fungua kidogo tu. Excellence iko na haraka."

Kidogo tu! Kama sufuria ya bukari, ugali wetu.

Basi niliwapeleka kwenye mtungi wa zamani, uliopasuka mwaka jana, nikamulika tochi ndani. Nilisema ukweli: "Excellence, elektroni hazionekani kwa macho."

Akainama muda mrefu. "Minaziona! Iko mingi!"

Chef akapiga makofi, yeye mwenye diplome mbili.

Pampu bado inanguruma, mtungi mzima haukuguswa. Lakini sina amani. Chef amemwahidi mgeni ule uliopasuka, auweke ofisini kwake. Nimeomba mgeni aufuate kesho mapema, kabla hajauliza huu wenye pampu inayonguruma ni wa nini.