Mwanamke wa Jiwe na Mwanamke wa Mti

Malvern, Johannesburg

Kabedi, mjukuu wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Ulaya. Mama yako bado anasuka watu nywele Jules Street. Magoti yananisumbua, lakini kanisani nafika.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza uliponitumia picha ya wale wanawake wa mawe wa Wagiriki, wanaobeba paa kwa vichwa. Ni hasira, mama. Picha ileile nilionyeshwa nikiwa msichana, shule ya misheni kule Katanga. Padri aliyetufundisha aliisifu: "Hii ndiyo historia ya taifa zima."

Wiki hiyohiyo alikuwa amechukua kigoda cha babu yangu, chifu wetu. Kilibebwa na mwanamke wa mti, aliyechongwa amepiga magoti, na chale za tumboni mwake zilieleza ukoo wetu. Padri alikiita sanamu ya shetani, akaapa kukichoma.

Nikasimama darasani. "Padri, mwanamke wao ni historia. Wetu kwa nini awe shetani?"

Alinifukuza shule, na sikurudi tena. Wala hakukichoma, eish! Waliomfungia mizigo aliporudi Ulaya walikiona kimeviringishwa kwenye blanketi, kinakwenda naye.

Wagiriki hawakutukosea, na kazi yao ni nzuri. Lakini ukiingia makumbusho usiishie kwao. Tafuta na chumba chetu, cha vitu vya Afrika. Ukimkuta mwanamke wa mti amepiga magoti, mwamkie kwa jina la ukoo wetu. Ni siku nyingi hajaitwa na mtu wake.

Bibi yako