Bibi wa Mikelenge Anayelaza Shule Nzima Chini

Mama Jacqueline, mshauri wetu wa redio, nakusalimia kwa heshima na naomba unisaidie upesi, maana usingizi umenikimbia na chakula hakipiti.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya msingi hapa Mikelenge, kazi ninayoipenda kuliko zote, nafundisha watoto kupinduka kichwa chini miguu juu kwenye magunia tuliyoyajaza makapi ya mpunga, na muhula huu nikaleta mchezo mpya, mpira wa kukwepa, wawili wanasimama huku na huku nyuma ya mstari wanarusha mpira, walio katikati wanakimbia kuukwepa, aliyeguswa anatoka, basi, watoto wakafurahi, na mimi nikafurahi, mpaka siku ile aliyopita Mama Odile.

Mama Odile ni bibi yake Naomie, mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne, alikuwa anatoka shambani na sombe yake, majani ya muhogo, kichwani, akaona mjukuu wake anarushiwa mpira, akaingia uwanjani hivyohivyo bila kuuliza mtu, nikamwambia, "Mama, huu ni mchezo tu," akanijibu, "Mwalimu, weye unafundisha batoto kukimbia. Benye balikimbiaka, hatukubaona tena." Halafu akapaza sauti, "Chini!" na darasa zima likalala kifudifudi, mpira ukapita juu yao ukaangukia kwenye choo cha wasichana.

Nilicheka, Mama Jacqueline, lakini yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wakati wa vita, mji ulipozungukwa na wapiganaji, hata mashambani hakuna aliyeweza kwenda, alikuwa anakusanya watoto wote wa avenyu yao nyumbani kwake, risasi zikianza anawalaza sakafuni, na ili wasilie wala wasiinuke aliwatengenezea mpira wa matambara, akawa anaurusha juu ya migongo yao, atakayeinua kichwa ukamgusa ameshindwa, na hivyo wakakaa chini kimya wakidhani wanacheza. Kwa hiyo mchezo wangu aliujua kabla yangu, ila wake ulikuwa wa kulala.

Tangu siku hiyo anakuja kila kipindi, watoto wanampenda kunishinda mimi, na kwa kuwa sauti yake inakauka haraka akaniomba nipige filimbi kila anaposema "Chini!", nikakubali, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana watoto sasa wakisikia filimbi yoyote wanalala. Polisi wa barabara alipiga filimbi kwenye mzunguko, mwaka wa nne wote wakalala katikati ya njia, pikipiki zikasimama, mwuza mkate akaanza kupiga mayowe. Tena alikuja enspekta wa elimu, direkta wetu Rémy, mkuu wa shule, akapiga filimbi watoto wajipange mbele ya bendera, shule nzima ikaanguka kama mihogo iliyopigwa na upepo, enspekta akashika kichwa akauliza, "Hawa batoto bamekula nini?"

Direkta ameniita ofisini akaniambia, "Huyu mama atoke, ama nafuta jimnastiki, na saa hizo batoto bataandika imla." Na Jumamosi tunacheza mpira huohuo wa kukwepa na shule ya Kailo, wazazi wote watakuja, enspekta pia.

Ningeshamfukuza, Mama, lakini kuna Falone. Falone ni binti wa Mama Odile, mamake Naomie, ni mjane, mpole, sauti yake nzuri, anasuka nywele karibu na soko, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba mamake tangu vita viishe hajawahi kulala kitandani, analala kwenye mkeka chini, ila tangu aanze kuja uwanjani amepanda kitanda. Akaniambia, "Aimé, ukimukatalia mama ule muchezo, atarudi chini." Halafu akaniangalia, sijui alikuwa ananiangalia kwa sababu ya mamake au kwa sababu nyingine, na mimi nikasahau hata njia ya kurudi nyumbani. Nifanye nini? Nikimtoa Mama Odile nampoteza Falone, nisipomtoa napoteza jimnastiki.

Ni mimi mwalimu Aimé, Mikelenge.

*

Mwalimu Aimé,

Barua yako ilinifikia Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya mchezo, kwa hiyo jibu la redio lisingekusaidia kitu. Nilipanda pikipiki nikaja Mikelenge. Nilikuwa nyuma ya wazazi, nimejifunga kilemba cha kijani. Hukuniona, na sehemu kubwa ya mambo pia hukuiona. Ngoja nikusimulie.

Mchezo ulikuwa haujachangamka, pikipiki ikapasua mlio kama risasi barabarani, pah! Mama Odile akapaza sauti, "Chini!" Hiyo haikuwa sauti ya mchezo. Watoto wako wakalala. Wewe ukalala, filimbi ikiwa bado mdomoni. Direkta Rémy akalala, na suti yake ya kijivu. Enspekta akalala pembeni yake, refa akalala, akina mama wakalala juu ya vikapu vyao. Kila mtu aliyeviona vita alikwenda chini kabla ya mtoto yeyote. Na mimi nilikuwa chini, usinicheke, lakini niligeuza kichwa, wakati wewe ulikuwa umezika uso mchangani.

Waliobaki wamesimama ni watoto wa Kailo, ambao hakuna aliyewafundisha kitu, na Mama Odile. Wale watoto wakatazamana, wakaokota mpira, wakatembea taratibu wakiwagusa wachezaji wako mmoja mmoja mgongoni, wakawatoa wote, maana refa alikuwa amelala na hakukuwa na wa kuwakataza. Ndivyo mlivyoshindwa, na mlistahili.

Lakini Mama Odile hakuangalia mpira. Alikuwa anatuangalia sisi wakubwa, uwanja mzima wa watu wazima wamelala na nguo zao za Jumamosi. Akaweka mkono mdomoni. Akamwambia Falone, aliyekuwa amelala karibu naye, polepole, "Kumbe haiko miye peke yangu." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na ndipo sisi wengine tukaanza kuinuka tukijipangusa, hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake.

Sasa nisikilize. Wewe mwalimu mzima unakubalije filimbi moja iwe na kazi mbili? Huo ni uzembe, na ungeweza kuua watoto pale kwenye mzunguko. Kuanzia Jumatatu filimbi ni ya kusimama na kujipanga, basi. Neno "Chini" ni la Mama Odile peke yake, ndani ya uwanja peke yake, na kila akilisema lazima aseme pia "Amukeni." Watoto wako wanajua kulala vizuri kuliko watoto wote wa jimbo letu la Maniema, hakuna aliyewafundisha kuinuka. Wafundishe hilo kwa bidii ileile unayofundishia kupinduka. Tena wapeleke pale barabarani wewe mwenyewe, filimbi ya polisi ilie na wao wasimame, mpaka wazoee.

Kuhusu direkta, nilimpata akipangusa magoti. Nikamwuliza kama bado anataka Mama Odile aondoke. Akaniambia, "Mama, tuachane na ile maneno." Enspekta alikuwa karibu, naye akaitikia kwa kichwa kwamba tuachane nayo. Kwa hiyo jimnastiki yako ipo. Usiende kuuliza tena, ukawakumbusha.

Limebaki lile uliloliandikia barua ndefu hivi. Ulipoinuka, Falone alikuacha kwanza akaenda kumwinua mamake, halafu akarudi kwako, akakufuta mchanga usoni kwa kitenge chake mwenyewe, mbele ya wazazi wa shule mbili, na wewe umesimama kama mti, unangoja redio ikuambie kama anakutaka. Baba, hebu tuma wazee wako.