Sentensi Niliyoimalizia Mwenyewe

Jumatatu, 9 Juni

Nimesahihisha daftari arobaini na mbili. Mkono unauma. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne bado wanaandika Kiingereza kama wanavyokisikia kwenye nyimbo. Nimewapa alama hivyo hivyo. Sina nguvu za kugombana.

Kisha nikapita kwa yaya Floribert, kaka yangu, pale mtaa wa Kenya, nyuma ya soko. Sali yake, chumba cha kucheza michezo ya video kwa kulipa, imejaa. Konsoli nne, televisheni nne, na ukuta mzima wa diski. Miaka kumi na mbili anazikusanya. Anazisugua kwa pamba na dawa ya meno mpaka zinang'aa. Akikuta mtu ameshika moja kwa vidole vya mafuta, anamtoa nje. Diski hizo ndizo zilizonisomesha hicho Kiingereza. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Afadhali angenikumbusha.

Kesho maonyesho makubwa ya michezo ya video yanaanza huko ng'ambo. Watengenezaji wa konsoli watazungumza mmoja mmoja, na vijana wanataka niwatafsirie, kama kila mwaka. Nimejifanya nimechoka. Uongo. Nimefurahi sana.

Jumanne, 10 Juni

Chumba cha watu ishirini, tulikuwa hamsini na zaidi. Wengine dirishani. Kampuni ya mashine nyeusi ilitangulia, na ndiyo mashine ya yaya. Wapenzi wa mashine nyeupe walikaa karibu na mlango, wanangoja kucheka.

Nilisimama kando ya televisheni kama ninavyosimama kanisani kando ya mhubiri. Kanisani tuna sheria moja: mtafsiri hanyamazi. Usipoelewa unaweka haleluya, unaendelea. Mtafsiri akinyamaza, ibada yote inapoa na watu wanamwangalia yeye. Miaka tisa nafanya kazi hiyo. Sijanyamaza hata mara moja, na nilikuwa najivunia.

Wakaonyesha mchezo wa magari, sali ikalipuka. Wakaonyesha wa mpira, Gédéon akavua shati akalizungusha hewani. Gédéon ni mchomelea vyuma, mtu mzima mwenye watoto wawili. Wakaleta mashine mpya yenyewe, nyembamba, pana. Wa mlangoni wakapiga mayowe: "Iko sawa vile kifuniko cha sufuria!" Nilicheka mpaka machozi.

Kisha mkubwa wa kampuni akaingia kwenye habari za diski. Akasema watu wengi wanasema diski zimekwisha. Hapo rezo ya intaneti ikakata. Picha ikaganda, yule bwana mdomo wazi. Iliporudi, watu wa kule walikuwa wanapiga makofi, naye alishahamia jambo jingine.

Sali nzima ikanitazama. Yaya pia.

Sikunyamaza. Nikasema diski zimekwisha. Mashine mpya haina mahali pa kuingiza diski, kila kitu kitashuka kutoka intaneti. Nikaongeza sababu. Sababu tatu! Nilizitoa wapi? Uvumi huo ulikuwa unazunguka mtaani tangu Pasaka, nikauokota nikauvalisha nguo. Ilitoka kwa sauti nzuri, sauti yangu ya Jumapili. Vijana wakashika vichwa. Yaya akageuka akatazama ukuta wake.

Jumatano, 11 Juni

Leo zamu ya kampuni ya mashine nyeupe. Michezo mitatu mipya, makofi machache. Wapenzi wao wenyewe walipiga miayo. Rezo haikukata hata dakika moja, nikatafsiri kila neno. Kazi safi. Hakuna aliyenisifu.

Yaya hakutazama. Alikuwa nje na Mulenga. Huyu Mulenga ni mfanyabiashara wa upande wa Zambia, kila mwezi anapita mpakani Kasumbalesa kuja kutafuta vitu hapa. Mwaka mzima anataka ukuta wote wa diski. Anatoa mashine mbili mpya za intaneti tupu, zisizokula diski, na televisheni kubwa juu yake. Mwaka mzima yaya anamwambia hapana. Leo amemwambia aje Ijumaa asubuhi.

Baadaye akaniuliza mimi mdogo wake, mara moja tu: "Leki, ulisikia muzuri?"

Nikasema ndiyo, yaya.

Alhamisi, 12 Juni

Saa sita mchana, chumba cha walimu. Mwenzangu wa hesabu alikuwa na mega nyingi za intaneti kwenye simu, nikamwomba nitazame tena ile hotuba ya Jumanne. Sijui kwa nini. Najua. Tangu jana swali la yaya halikuniacha.

Yule bwana anasema hivi: watu wengi wanasema diski zimekwisha, lakini sisi tunasema hapana. Mashine hii itasoma diski mpya, na itasoma hata za zamani. Halafu makofi. Maneno mepesi kabisa. Hata wanafunzi wangu wangeyaelewa.

Nilienda moja kwa moja kwa yaya baada ya masomo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikamkuta Mulenga amekaa, wanakunywa munkoyo. Yaya akasimama akanionyesha kwa mkono: "Huyu njo leki yangu. Anasikia Kingereza sawa vile bazungu benyewe." Uso wake ulikuwa unang'aa. Mulenga akanipa mkono.

Nikakaa. Nikala bukari na sombe. Nikajiambia nitamwambia atakapobaki peke yake. Mulenga akaondoka, yaya akabaki peke yake. Nikamwambia aksanti kwa chakula.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesaidia kufunga mizigo ya Mulenga. Mimi! Kartoni nne. Yeye alifuta kila diski kabla ya kuitia ndani, kana kwamba anaivalisha kwa safari. Moja akaitoa, ile ya mpira iliyopasuka pembeni, ya kwanza kabisa aliyonunua. Akaishika. Kisha akairudisha. Alisema walipatana zote, hawezi kumuibia mwenzake.

Kamba nilikaza mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Imejulikana. Gédéon ameingia sali na simu mkononi, hotuba yote iko pale na maandishi ya Kifaransa chini. Akaicheza kwa sauti, watu wakajikusanya. Ukuta nyuma yao mweupe, na alama za misumari.

Mmoja akaanza kucheka, akasema Madame, yaani mimi, alitutafsiria ndoto zake. Yaya akamnyang'anya maneti ya kuchezea akamtoa nje. Mteja wake tangu miaka mitano iliyopita. Kisha akasimama katikati akasema: "Rezo ilikata, bote mulikuwa hapa. Madame alitafsiri ile yenye ilifika. Mwenye iko na neno, aniambie miye."

Mwenye neno nilikuwa mimi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikalia chooni kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Naandika waziwazi nione kwa wino wangu. Jumanne nilidanganya kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Hilo lingesameheka. Alhamisi nilijua, na nikanyamaza. Mtafsiri hanyamazi, eh? Siku moja tu ya kunyamaza kwangu, na nilichagua hiyo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimesema koo linauma, wakamweka mtu mwingine. Baada ya ibada nikaenda nyumbani kwa yaya. Mkewe alikuwa bado hajarudi. Yeye alikuwa amefungua maneti moja, skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningekula tena.

Nikamwambia sentensi ile sikuisikia, niliimalizia mwenyewe. Nikamwambia Alhamisi nilishajua.

Hakuinua kichwa. "Alhamisi ya saa ngapi?"

Saa sita mchana.

Akafikiri. Akaweka bisibisi chini, taratibu. Akasema: "Ulikula hapa."

Ni hayo tu. Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani, pikipiki zinaniita njia nzima. Sikutaka kubebwa na mtu.

Jumatatu, 16 Juni

Yaya ameondoka alfajiri kwenda Kasumbalesa kumtafuta Mulenga. Alitaka amrudishie mashine na televisheni, achukue kartoni zake. Nilitaka kwenda naye. Alisema niende kazini.

Darasani nimegawa karatasi za mtihani za mwaka wa tatu kwa mwaka wa nne. Hawakushtuka. Mimi ndiye niliyegundua baada ya nusu saa.

Amerudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitembea kando ya msururu wote wa malori, akauliza madeklarani wa forodha, akauliza wabadilisha pesa. Mulenga alivuka Jumamosi. Kule ng'ambo ya mpaka ameshaziuza moja moja sokoni, kila mtu na yake. Mmoja wa wale madeklarani anamfahamu, alimpigia simu palepale. Mulenga alisikitika, kwa kweli alisikitika. Lakini diski hana.

Nilikuwa nimemchemshia maji ya kuoga. Akasema aksanti. Afadhali angeipiga ndoo teke.

Jumanne, 17 Juni

Mashine mpya zimekuja na mchezo mmoja mmoja ndani. Yaya alijaribu kushusha wa tatu. Mashine ikaandika muda uliobaki: siku kumi na moja. Vijana wakasimama kidogo, wakaaga, wakaenda sali nyingine upande wa pili wa barabara. Wana diski kule.

Nina aibu hata ya kupita mtaa ule. Lakini napita. Hilo angalau nalifanya.

Alhamisi, 19 Juni

Mchana sali ilikuwa na watu sita. Gédéon alikuwepo. Amecheza mchezo uleule mara nne, akasema si mbaya.

Saa kumi na moja yaya amekuja kwangu. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikafikiri amekuja kunisema, nikakaribia kufurahi. Akatoa mfukoni daftari jipya, jina lake limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Akasema: "Unifundisheko Kingereza. Pole pole. Mwaka ujao nisikie miye mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamuuliza tuanze lini. Akasema sasa. Tukakaa mezani. Nikaanza na vitu vya nyumbani: mlango, meza, kiti, maji. Anaandika polepole, ulimi nje kidogo. Anatamka vizuri kuliko nilivyodhani. Nilimwambia hivyo, akatabasamu.

Alikuwa amekuja na kamusi pia, ya zamani, jalada limefungwa kwa gundi. Kila neno nililomwambia, alilitafuta kwanza humo kwa kidole. Akilikuta ndipo analiandika.

Tumefika maneno kumi na manne. Herufi za kamusi ni ndogo na nyumba yangu ina giza, nikamfungulia dirisha aone vizuri.