Spika ya Kulia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na zile za wifi umfikishie mwenyewe, usizimeze njiani kama kawaida yako. Mimi sijambo, ukiacha mafua ya vumbi la chaki ambayo sasa nimeyazoea. Mama naye mzima. Nyinyi je, mnalala? Mnakula? Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Barua angalau huwezi kuikata katikati. Naomba uisome mpaka mwisho, hata pale itakapokuudhi.

Nianze na nyumba, maana nyumba imenishinda. Hii si nyumba ya watu tena, ni ya spika. Unakumbuka Mama alivyostaafu pale stesheni, baada ya miaka yote ile ya kutangaza treni kupitia vipaza sauti vibovu hadi abiria wakawa wanaulizana amesema nini. Alituambia kwamba umri uliobaki atautumia kusikiliza vitu vinavyosikika. Tulicheka, tukadhani atanunua redio. Kaka, sebuleni siku hizi kuna spika mbili zinazonifika kifuani, na mbele yake kuna kiti kimoja ambacho miguu yake imezungushiwa alama za utepe wa gundi sakafuni ili kisisogee hata kidogo. Ukutani amening'iniza zulia lililokuwa chini, na blanketi langu zito, lile la baridi, nalo liko ukutani linazuia mwangwi. Nikiuliza nijifunike nini, naambiwa blanketi jembamba nalo lina joto lake.

Halafu kuna wenzake. Jumamosi mchana wanaingia watatu. Wa kwanza ni daktari wa meno, ambaye hujifuta mikono kwa kitambaa maalumu kabla ya kugusa santuri, kana kwamba anaingia chumba cha upasuaji. Wa pili ni fundi friji, mtu mpole, ila ukimgusia kalamu za wino, basi umekwisha, atakuonyesha nibu zake moja baada ya nyingine mpaka giza liingie. Wa tatu ni mwalimu wa udereva wanayemwita Breki. Huyu ugonjwa wake ni kahawa. Anakuja na mzani mdogo, kinu cha mkono na kipimajoto, anakalia jiko langu, na mimi nikitaka kuchemsha maji ya chai naambiwa nisubiri, eti mvuke wangu utaharibu harufu.

Ungewasikia wanavyobishana. Daktari akisema waya mpya umefungua sauti, Breki humjibu kwamba kilichofunguka ni pochi yake tu. Fundi husema wote wawili wana masikio ya kuazima. Breki akimimina kahawa, daktari anaonja, anafumba macho, kisha anasema ina ladha ya ufizi uliovimba, na Breki ananuna mpaka santuri igeuzwe upande wa pili. Mabishano yakikwama, wote humgeukia Mama aliye katika kile kiti. Yeye ndiye hakimu wao. Akisema besi imezidi, imezidi.

Na friji, kaka. Wakati wa kusikiliza friji huzimwa, kwa sababu linanguruma. Anayelizima ni fundi friji mwenyewe, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuwasha mafriji ya watu. Na wakishalewa muziki hawakumbuki kuliwasha. Maziwa yameganda mara nyingi kuliko nilivyoyanywa. Nimelalamika, nimenuna, nimesahihisha mitihani ya wanafunzi kitandani kwa sababu sebuleni karatasi zangu zinakwaruza. Mama ananiambia nina haraka ya kuzeeka.

Sasa sikiliza. Miezi michache iliyopita Mama alianza kulalamika kwamba spika ya kulia imefifia. Wale watatu hawakujiuliza mara mbili, sikio la Mama hawalibishii. Wakabadilisha waya. Bado. Breki akaleta amplifaya yake kutoka nyumbani, ameikumbatia kama mtoto. Bado. Wakaanza kulaumiana kwa raha zao, huyu akisema ni umeme, yule akisema ni unyevu. Mwisho daktari akaamua kuzihamisha spika zenyewe, ya kulia ikae kushoto na ya kushoto ije kulia, ili ubovu uhame nayo. Wakazibeba wakihema, wakaweka santuri, wakamwangalia.

Mama akasema, “Ni ileile. Ya kulia haisikiki.”

Mimi nilikuwa mlangoni na kapu la nguo, nimekuja kugomba kuhusu friji. Niliona wale wanaume wanatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu hakuna aliyebishana. Daktari akajikohoza, akasema labda ni santuri. Breki akasema ndiyo, santuri kweli imechakaa. Sikuelewa. Jumamosi zilizofuata nilisikia muziki wote umelemea upande mmoja, hata mimi nisiyejua lolote nilisikia. Nikamfuata daktari jikoni nikamwuliza wanacheza mchezo gani. Akaniambia taratibu kwamba wanaongeza sauti ya upande wa kulia kila wiki, kidogo kidogo, ili Mama asigundue. Spika ilikuwa nzima. Kilichofifia ni sikio lake.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia yeye ni daktari, hata kama ni wa meno. Akasema anajua, ila hakuna kati yao aliyekuwa na moyo wa kumwambia hakimu kwamba hasikii.

Basi nilimpeleka mimi. Mtaalamu wa masikio akampima, akasema la kulia karibu limekwisha na la kushoto limeanza kulifuata, na kwamba hali hiyo ina muda. Akashauri kile kifaa cha kuvaa sikioni. Mama akakitazama kiganjani akauliza kitu cha ukubwa wa haragwe kitatoa besi gani. Tukarudi nyumbani bila kifaa. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Hakuna.

Unajua nani alimshinda? Wale wale. Siku moja walikuja na vipeperushi vya vifaa vya masikio, wakaanza kubishana juu yake kama wanavyobishana kuhusu spika. Breki anasema hiki kinakata sauti za juu, fundi anasema betri yake ni aibu, daktari anasema vyenu vyote ni takataka. Wakasahau kabisa kama Mama yupo. Nusu saa haikupita, Mama akawaambia hakuna hata mmoja wao anayejua anachosema, kitu kama hicho hakihukumiwi kwa karatasi, lazima kivaliwe. Wiki iliyofuata tulikwenda kukichukua.

Alikivaa sebuleni, sisi wote tukimtazama. Aligeuza kichwa huku na huku. Akamwambia Breki kwamba pua yake inapiga mluzi, na kwamba amevumilia mengi lakini hilo hakulijua. Tulicheka. Na mimi nilicheka, kaka, nakiri nilikuwa na furaha. Kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa upole kama mtu anayeomba ruhusa, akasema, “Sasa hata mjukuu wangu akilia kwenye simu nitamsikia. Mwambie kaka yako aniwekee simu karibu na mtoto.”

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Soma polepole.

Siku ile ulipompigia, ulimwambia, “Mama, mtoto ametutoka.” Uliniandikia mwenyewe, na uliniandikia pia jibu lake: vizuri, mwanangu, mwambie mkeo apumzike. Ukasema mmeshazika, tusije, na kwamba hutaki kusikia tena habari za mwanamke yule, yaani Mama. Mimi nilikuamini. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama anawamiminia wenzake kahawa anacheka, nikamwona ana moyo wa jiwe. Kila alipokutaja nilitoka chumbani.

Hakukusikia, kaka. Simu aliiweka kwenye sikio la kulia, kama alivyoishika stesheni miaka yote. Mimba ilikuwa imefika siku zake, na yeye alisikia neno moja tu alilokuwa akilingoja. Alisikia mtoto ametoka.

Tangu siku hiyo Mama amekuwa bibi. Alikuwa anangoja mtulie ndipo mpige, anasema nyumba yenye mtoto mchanga haina nafasi ya simu. Na mimi nilipokuwa naondoka kila akikutaja, alidhani naumia kwa kuwa sijajaliwa wangu. Akawakataza hata wenzake kumtaja mtoto mbele yangu. Alinyamaza kwa kunionea huruma, na mimi nikamhukumu kwa huko kunyamaza. Wewe umekasirika kwako, mimi huku, na Mama yuko katikati ana furaha peke yake.

Nilimwambia pale pale. Sikuweza kungoja wageni waondoke. Alinisikiliza, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza alikuwa wa kike au wa kiume, nikamwambia wa kike. Akauliza alikujibu nini siku ile. Hilo nilitaka kulificha nikashindwa. Wale watatu walisimama mmoja mmoja wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi mpaka jioni, hawakwenda kwao. Mama hakulia mbele yetu. Alikaa katika kile kiti mikono magotini, akasema, “Mwanangu aliniletea msiba, nikampa hongera.”

Ameinua simu kukupigia mara nyingi, anairudisha. Anaogopa hutapokea. Na mimi nimechoka nanyi wote wawili, nimechoka na kiburi chako hasa, maana yeye alikuwa na sababu ya kutosikia, wewe huna. Mpigie. Mwambie upya, yote, kama ulivyotaka kumwambia siku ile. Usipaze sauti.

Mama anakusalimu, na anamwambia wifi pole, neno ambalo lilipaswa kufika zamani. Breki, fundi na daktari wanakupa pole pia, ingawa hawakujui. Nakutakia afya na usingizi, na Mungu awape nguvu wewe na mwenzako.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda hata akiwa amekasirika.