Mafundo ya Dunguni Mbele ya Sumaku

Mdogo wangu Salumu, Ruaruke,

Mimi kaka yako Mfaume, miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili, nimeyashinda mafuriko ya Rufiji, foleni za sukari, na meli mbili nilizozitumikia hadi zikauzwa chuma chakavu. Siumwi hata jino. Nyie je? Shemeji mguu umepona?

Umeandika nirudi, eti mzee mzima nafagia sakafu za watu Ujerumani. Sirudi! Sikiliza kwanza.

Hapa ninapofagia wanapima protoni. Imo ndani ya kila kitu, hata punje ya mpunga wako, nayo inazunguka kama pia ya watoto. Kwa sumaku wanaielekeza juu, wanaipiga ubavuni kwa chembe za umeme, watazame vipande vinarukia zaidi kulia au kushoto. Kisha wanaigeuza ielekee chini. Wingi ukihama upande, ni kazi ya mzunguko. Usipohama, mashine inawadanganya.

Mlangoni kuna taa inayofuata sumaku: nyekundu juu, kijani chini. Kusoma kwangu unakujua, herufi zinanishinda. Basi kila ikibadilika nafunga fundo kambani, na kila jioni nafunga uzi wa kutenga siku, kama baba alivyotufundisha dunguni, kule juu tulikolindia mpunga: nguruwe wakitokea mtoni fundo moja, wakitokea porini fundo pacha.

Mwezi jana wingi ukagoma kuhama, ingawa kitabuni mwao waliandika kila siku kwamba wamegeuza sumaku. Daktari mmoja wa sayansi akanijia juu: "Mzee, umegusa nyaya na fagio lako. Kesho usije!"

Nikamtupia kamba mezani. "Kitabu chako kinasema mligeuza tangu Jumanne. Taa haikugeuka. Hesabu!"

"Kamba si kipimo, mzee."

"Na fagio ndilo kipimo cha kunifukuzia?"

Mkubwa wao, Mama Helga, akacheka, akaamuru wafungue mashine. Swichi imekwama! Siku tatu waliandika "tumegeuza" na sumaku imelala palepale. Wakazitupa siku zile, wakapima upya, wingi ukahama.

Sasa kamba yangu imetundikwa kando ya kitabu chao. Daktari nimemfundisha shikamoo. Anaitamka vibaya, lakini anaitamka.

Kwa hiyo linda mpunga wako, nami nina dungu langu.

Nisalimie shemeji, na binti yangu Mwanaidi, fundi cherehani wa Mtunda. Mwana wa maalimu wa Mbwara, yule maalimu aliyenichapa akisema sitafaa penye kitabu, mwambie marehemu babake alikosea.

Asiyeamini awaulize Mama Helga, Kasimu mpishi wa hapa, mtu wa Kilwa aliyekuwa akinitafsiria na anayeniandikia barua hii, na daktari mwenyewe, ingawa hapendi kuulizwa.

Kaka yako,
Mfaume