Gugu la Shimo la Kumi na Saba

Jumanne, 10 Juni

Mipira themanini kabla ya chai. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi, fimbo naishika kama mwiko wa ugali. Baba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anasema "tena," basi.

Miaka thelathini amekuwa kedi pale klabuni, anabeba mifuko ya fimbo za watu. Sasa anabeba wangu. Wenzake wakibishana juu ya kanuni hawafungui kitabu, wanamwendea yeye.

Mchujo ni Ijumaa na Jumamosi. Nafasi ni moja. Anayeshinda anaingia gofu ya kulipwa, anakwenda kucheza Nairobi na wenye majina. Wengine wanabaki nyumbani. Mama Kessy, mfadhili wangu, amechapisha picha yangu kubwa na kuitundika mbele ya duka lake Njoro. Nimecheka meno yote nje. Naichukia ile picha.

Ijumaa, 13 Juni

Wa pili. Pigo moja, mkwaju mmoja tu, nyuma ya Neema, yule wa Arusha; anayepiga michache ndiye anayeshinda. Si vibaya.

Narudi kijijini Uru, nyumba imejaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona gofu, na kila mmoja ana ushauri. Mjomba anataka nipige kwa nguvu zaidi. Bibi anauliza huo mpira umenikosea nini. Padri amewaambia wanajumuiya waniombee. Mtori wa ndizi nimekula vijiko vitatu, nikamsogezea Mjomba bakuli.

Nina miaka kumi na tisa na kijiji kizima kimekaa mgongoni mwangu. Sikuwaomba wakae.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshinda. Kwa mkwaju mmoja.

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisemea jambo hili. Shimo la kumi na saba, mpira wangu uliingia kwenye nyasi ndefu, upande wa mibuni. Nikatembea mbele kuangalia bendera. Niliporudi, Baba alikuwa ameinama. Nyuma ya mpira wangu kulikuwa na gugu, kishona nguo, urefu wa kidole tu. Akaling'oa. Vidole viwili. Akakung'uta udongo, akalilaza mizizi juu likauke, kama anavyofanya kila siku kihambani, shamba letu la nyumbani, akipita kwenye kahawa, hata akiwa anakwenda chooni. Macho yake yalikuwa kwenye bendera. Mkono ulifanya, yeye mwenyewe hakuwepo.

Mpira unachezwa ulipolala. Huruhusiwi kung'oa kinachoota ili upige vizuri, na kedi wako akifanya, umefanya wewe. Adhabu ni mikwaju miwili. Kanuni hiyo alinifundisha yeye nikiwa na miaka tisa.

Neema ndiye aliyekuwa akiniandikia kadi ya hesabu ya mikwaju. Wakati ule alikuwa ng'ambo ya pili anatafuta mpira wake. Hakuna aliyeona. Mimi niliona.

Nikapiga. Pigo zuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Mwisho Neema akanipa kadi, nikaisaini, na mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Neema kanikumbatia. Baba kalia mbele za watu.

Jumapili, 15 Juni

Mbuzi wawili. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ndoo hata sikuhesabu. Wazee wamempa Baba kata ya kwanza, na Baba amecheza ngoma. Sijawahi kumwona Baba akicheza, hata kwenye harusi ya dada.

Akawasimulia mchezo wote, shimo kwa shimo. Alipofika la kumi na saba akasema mpira ulilala vizuri, Mungu ni mkubwa. Nilimtazama usoni. Hajui. Kweli kabisa hajui.

Nikaenda nyuma ya zizi nikakaa huko hadi ngoma ikaisha.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema nina mafua. Sikushika fimbo.

Jumanne, 17 Juni

Neema kanitumia ujumbe. Kasema niende Nairobi nikawaonyeshe, yeye atajaribu tena mwakani. Kaweka na alama za makofi.

Nafasi ni yake. Nimeiba kwa mtu anayenipigia makofi.

Nikisema, itabidi nitaje mkono ni wa nani. Nisiposema, nitakwenda Nairobi na lile gugu. Nimejaribu kujiambia ni gugu tu. Ni kweli ni gugu tu. Haijasaidia.

Jumatano, 18 Juni

Nimesema.

Nilikwenda peke yangu kwa kamati ya mashindano. Wazee wawili na mama mmoja mwenye miwani. Shikamoo, marahaba, nikaanza. Hawakunikatiza. Kama nisingejua ningeongezewa mikwaju miwili yakaisha, lakini nilijua na nikasaini, kwa hiyo nimeondolewa kabisa. Nafasi ni ya Neema. Yule mama akauliza kedi alikuwa nani. Alikuwa anajua. Ilibidi tu niseme mwenyewe, waandike. Nikasema ni baba yangu.

Hadi getini nilijisikia mwepesi. Mjinga mimi.

Nilikuwa nimepanga kumwambia nyumbani, taratibu, akishakula. Niliogopa nikianza na yeye nitamwona uso na nitashindwa kwenda. Lakini habari haikunisubiri, mlinzi wa getini ndiye aliyenisimulia. Ilifika kwenye benchi la makedi kabla yangu, na Baba alikuwa amekaa pale, anasubiri wageni wa saa nane. Kijana mmoja akamuuliza mbele ya wenzake kama siku hizi klabu inamlipa kwa kupalilia. Wakacheka. Baba akadhani ni utani, naye akacheka. Halafu wakamweleza.

Alicheka nao. Hilo siwezi kulitoa kichwani.

Nimemkuta nyumbani, fulana yake ya kedi imekunjwa juu ya meza. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu pale pale.

"Siku nne," akasema. "Umeniacha nikacheza ngoma."

Kisha akasema, "Ungeanza na mimi, mwanangu. Ningekwenda kwa kamati mimi mwenyewe."

Angekwenda kweli. Tena mbio.

Alhamisi, 19 Juni

Baba amerudisha fulana. Kamati wamemsihi abaki, wamesema hakuna anayemlaumu. Akawashukuru, akaiacha mezani kwao, akarudi kwa miguu.

Picha yangu Njoro imeshushwa. Zimebaki kamba. Nilidhani nitaumia, sikuumia hata kidogo. Kumbe maumivu yote yamekwenda upande mmoja.

Mama anasema maji yakishamwagika hayazoleki. Najua, Mama. Mimi ndiye niliyeyamwaga.

Jumapili, 22 Juni

Baba hanisemeshi. Hanuni, hagombi. Ananipa njia nikipita, kama mgeni.

Baada ya misa Bibi akaenda mpakani mwa kihamba akakata jani la isale. Kwetu ukimkosea mtu vibaya unampelekea isale, na akipelekewa hawezi kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Bibi alitangulia, mimi nyuma. Nikapiga magoti kwenye udongo wenye maji. Baba akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," akasema. "Yameisha."

Nikamuuliza kama atanibebea tena mfuko.

"Hapana."

Alisema kwa upole. Angenipiga kofi ningeona nafuu. Bibi akanivuta nisimame, akaniambia isale inaomba msamaha tu, mengine haiombi.

Jumanne, 1 Julai

Nimerudi kwenye mazoezi. Peke yangu. Hakuna wa kusema "tena." Nilipiga mipira arobaini nikakaa chini nikalia, nikapiga mingine arobaini. Mtunza nyasi alijifanya haoni. Mungu ambariki.

Nampenda Baba kuliko gofu. Sikuwahi kufikiri itabidi niliandike hilo.

Jumapili, 6 Julai

Mchezo mdogo wa Jumapili pale klabuni, wa wanachama tu. Nilibeba mfuko mwenyewe, begani mkanda umenichubua. Neema amekwishaondoka, yuko Nairobi.

Nimefika nyumbani saa tisa. Mawingu, baridi. Baba alikuwa ametoka shambani, ananawa mikono kwenye beseni. Mama akatenga ndizi na nyama. Tukala watatu, tukiongea mambo madogo tu: mvua, bei ya kahawa, mguu wa Bibi.

Halafu Baba akauliza nimepiga ngapi leo. Tangu siku ile hakuwahi kuuliza. Nikamwambia mikwaju sabini na nne.

Aliacha kutafuna. Akanitazama.

"Umeihesabu yote?"

"Yote, Baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akamwomba Mama chumvi.