Kwa Fundi Futi, Ambaye Hakusafiri

Mwaka umetimia leo, kaka, tangu tulipokuzika, na kila nikikukumbuka naanzia kwenye pindo la suruali. Ulilishona, ukalifumua, ukalishona tena, mara tatu kwa asubuhi moja, na lilikuwa limenyooka tangu mara ya kwanza. Nilikuwa kando yako nikishona vifungo. Niliona, sikuuliza.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Futi kwa sababu ya utepe wa kupimia uliokaa shingoni mwako kutwa. Mteja mnene akiona haya kupimwa kiuno, ulimwambia, "Utepe hausemi uongo, dada, ila siri nitaitunza mimi." Sare za watoto uliziachia pindo refu. Ulisema mtoto hukua, pindo lisiwe bahili. Nami nilipoacha shule darasa la tano, ulinivutia kiti penye cherehani, wala hukutaka kujua kwa nini.

Kisha ukaacha kutoka chumbani. Mteja akibisha hodi tu, moyo unakuenda mbio. Dada alisema ni uvivu, shangazi akasema dawa yake ni mke. Watu walipokuulizia, Mama akawajibu umesafiri. Alitaka kukusitiri, maana midomo ya watu haina pazia. Sote tukalishika neno hilo.

Daktari alikuja kutueleza kwamba ni sonona na wasiwasi, ugonjwa kama magonjwa mengine, na una tiba. Lakini wewe ulikuwa umeshatueleza vizuri zaidi yake: "Ni kama nimevaa koti lililoshonwa likazibwa ncha za mikono. Mnaniambia nishike kazi. Nitaishikaje?"

Dawa zikaanza kukusaidia. Asubuhi moja ulinyoa ndevu, ukavaa viatu, ukasema unatoka kukaa juani. Mama akasimama mlangoni.

"Mwanangu, watu wanajua uko safarini. Utawaambia umerudi lini, na mzigo wako uko wapi?"

Ulicheka kidogo, ukavua viatu. Hukuomba tena kutoka. Miezi mitano ulikaa ndani ya uongo wetu, mpaka homa ya mapafu ikakuchukua kwa siku nne. Msibani watu waliuliza ulirudi lini.

Mama ameniambia niandike yote, nisimfichie hata yeye. Bado anaufungua mlango wa chumba chako kila asubuhi na kuuacha wazi.

Unakumbukwa na mama yako, shangazi, dada yako na shemeji, wapwa zako watatu ambao sare zao bado zina pindo la kufumua, na mimi mdogo wako wa mwisho. Hatutachoka kukukumbuka.

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya Mama. Neno lilifika ulimini, nikalimeza. Nalisema leo, na wote wasikie: Toka, kaka. Waache waulize. Nitawajibu mimi.